Waliokaa Nyuma ya Shuka

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Yusra sebuleni, simu ya mama yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Ndani ya simu kulikuwa na katoto ka kuchorwa, kana kofia nyeupe na macho makubwa kama visosi, kanafundisha sala. Katoto kakifunga mikono, na Yusra anafunga. Kakirukuu, na Yusra anarukuu. Binti yangu amesimama mlangoni, ameshika kiuno kwa fahari, ananiambia, "Mama, unaona mtandao unavyotusaidia?" Nikamjibu naona. Halafu nikacheka mpaka machozi, na binti yangu akaanza kuniuliza kama nimemeza dawa zangu za presha.

Ili mjue kilichonichekesha itabidi niwarudishe Nachingwea. Nawaambia hasa ninyi vijana mnaokaa na kompyuta zenu mkichora vikatuni vya dini na kuvirusha mtandaoni ili watoto wajifunze. Kazi yenu naipenda, msidhani nimekuja kuwasema vibaya. Nimekuja kuwasema vibaya watu wengine.

Mimi ni Somoe. Nimefundisha watoto chuoni, na ninaposema chuo nina maana ya kile cha mkeka na juzuu, si cha joho na kofia ya pembe. Nilianzia Ruangwa kama msaidizi, nikaolewa Nachingwea, nikaendelea huko mpaka magoti yalipogoma. Kazi hii haina barua ya kustaafu. Siku yako imefika pale unapokaa chini kusomesha na watoto wanakuja kukuinua bila kuambiwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Asumini wa Ruangwa. Asubuhi alikuwa anauza vitumbua, alasiri anasomesha kwenye ukumbi wa nyumba yake, na mkono uliokuwa unageuza vitumbua ndio huohuo uliokuwa unageuza masikio yetu. Kwake nilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu. Mtoto anayesinzia usimchape, mtume akachote maji, akirudi yuko macho na mtungi umejaa. Mtoto mpya mwanzishie herufi iliyomo kwenye jina lake, maana hiyo ataipigania kama shamba la urithi. Na siku ya mvua usifundishe kitu kipya, kwa sababu bati likipigwa mvua hata wewe mwenyewe hujisikii.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akifundisha sala, alisimama mbele ya watoto akawapa mgongo. Aliinua mikono, akafunga, akainama, akasujudu, yote sisi tunaona mgongo na kisigino. Mimi nilikuwa msichana mjuaji. Nikamwuliza, "Bi, mbona huwageukii ukawaona wanavyokosea?" Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Wewe ukimwonyesha mgeni njia ya kisimani, unatembea kinyumenyume?"

Nilidhani ana hasira za vitumbua kuungua. Mumkumbuke Bi Asumini na mgongo wake, nitamrudia.

Miaka ya tisini pale Nachingwea adui yetu alikuwa banda la video. Lilikuwa nyuma ya soko, limezungushiwa mabanzi na maturubai, na ndani yake Wachina walikuwa wanapigana kuanzia adhuhuri mpaka usiku. Watoto walitoka kwao wamevaa kanzu na kofia, wanaaga wanakwenda chuo, kumbe wanakwenda China. Ukimwita mtoto jina, anakujibu kwa kuruka teke.

Kamati ya chuo iliongozwa na Mzee Mnali, mfanyabiashara wa korosho, mtu mwenye sauti nzito na mashamba mpaka Naipingo. Alisimama Ijumaa moja akatangaza kwamba video ni sanduku la shetani, na atakayemwona mtoto bandani amtoe kwa sikio. Kazi ya kuwatoa alipewa Ustadhi Rajabu, aliyekuwa mwalimu wa wavulana. Mimi nilikuwa na wasichana. Ustadhi Rajabu alikwenda kwa bidii kubwa sana. Tatizo lake ni kwamba alichelewa kurudi. Akiingia bandani kutafuta watoto, anatoka nao filamu imekwisha, na njiani yeye ndiye anayewaeleza kwa nini yule mwenye ndevu alistahili kufa.

Basi, miaka ikapita, shetani akabadilisha sanduku. Au sanduku lilikuwa lilelile, kamati ndiyo iliyobadilika.

Katika miaka ya elfu mbili na kitu, mwishoni mwishoni, alihamishiwa kwetu afisa mifugo kutoka Tanga, Bwana Mbwana. Kijana mpole, ana laptopu, na kila akienda Masasi kikazi alipitia kwenye duka la intaneti akapakua vikatuni vya dini vya kuwaonyesha wanawe. Ofisini kwake kulikuwa na projekta ya kuwaelimishia wafugaji vijijini. Akajitolea kuja nayo chuoni kila Jumamosi.

Kamati ikakaa. Walijadili kama picha za kuchorwa zinafaa, wakajadili kama kivuli ukutani ni picha au ni kivuli tu, kila mmoja akamtaja sheikh aliyemsikia zamani. Mwisho Mzee Mnali akauliza kama ofisi ya mifugo itatutoza chochote. Bwana Mbwana akasema hapana. Hoja zote zikatulia hapohapo, na Mzee Mnali akasema zama zimebadilika na dini haikatai maendeleo.

Kisha akaongeza jambo ambalo lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. "Na kwa kuwa sasa mashine ndiyo itafundisha, hatuhitaji vyumba viwili. Kile kidogo cha wasichana kinafaa kuwa ghala. Msimu wa korosho unakuja. Wasichana watafundishwa na mama zao nyumbani."

Nikamwuliza, "Mzee, na mama zao nani kawafundisha?"

"Ndiyo maana nasema wanajua, Mwalimu. Uliwafundisha wewe."

Huyo ndiye Mzee Mnali. Anakusifia huku anakutoa nje. Nilipambana mpaka tukafikia mapatano. Mwezi wa maulidi tutakwenda Ruangwa, watoto wa vyuo vyote wataonyesha walichojifunza mbele ya masheikh. Wasichana wakifanya vizuri, darasa litabaki. Wakivurunda, chumba ni cha korosho. Nilitoka pale nimekasirika hadi nikasahau viatu. Kwa wasichana wengi wa mtaa ule, chumba kile ndipo mahali pekee walipokaa wakauliza swali wakajibiwa. Nyumbani waliulizwa tu kama maji yameshachemka.

Sasa niwaeleze jengo letu, maana mambo yote yametokea hapo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, kikubwa chenye madirisha cha wavulana, na kidogo chenye giza cha kwetu. Ukuta wa kati ulikuwa umeanguka masika moja, sehemu kubwa, na kamati ilikuwa bado inajadili nani aujenge. Tukatafuta kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, kikubwa. Tulikipata kwa jirani, Mama Benadeta, mke wa katekista. Alikuwa na shuka jeupe la harusi yake, jepesi, halina hata doa. Niliona haya kuliomba, nikaanza kuzunguka na maneno. Akanikata. "Shuka halijabatizwa, Mwalimu. Chukua."

Mimi nilitaka shuka litundikwe ukutani na watoto wote wakae mbele, wavulana upande huu, wasichana ule. Mzee Mnali akasema hapana, wavulana na wasichana wasionane. Akaamuru shuka litundikwe pale ukuta ulipoanguka. Projekta na wavulana chumba kikubwa, wasichana chumba kidogo, nyuma ya shuka. "Si mtaona?" akasema. "Mwanga unapita." Akajipongeza kwa kuwa ametumia shuka moja kwa kazi mbili, sinema na pazia.

Jumamosi ya kwanza watu walijaa. Mzee Mnali, yuleyule wa sanduku la shetani, alifuta kioo cha projekta kwa ncha ya kanzu yake. Akaletewa kiti cha mbele kabisa. Jenereta likanguruma, shuka likawaka, na akatokea kuku. Kuku mkubwa, kashusha mabawa, shingo imepinda.

"Subhanallah," akasema Mzee Mnali kwa unyenyekevu.

"Samahani, mzee," akasema Bwana Mbwana akibonyeza huku na huku. "Huyo ni mgonjwa wa kideri. Picha za ofisi."

Kisha ndipo akatokea kijana wa kuchorwa, kofia nyeupe, ametuelekea, anatabasamu. Akaanza kutia udhu. Akasema maneno mengi kwa lugha laini laini, na wazee mbele wakawa wanatikisa vichwa. Nikamsikia Mzee Mnali akisema, "Sikieni Kiarabu fasaha." Bwana Mbwana akamwambia kwa adabu kwamba ni Kimalei, katuni imetengenezwa huko Malesia. Mzee akafikiri kidogo. "Basi ni Kiarabu cha huko," akasema.

Huku kwetu gizani mambo yalikuwa mengine. Picha tuliiona vizuri, shuka la Mama Benadeta lilikuwa jepesi kweli. Lakini yalipokuja maandishi, herufi zote zilikuwa zimegeuka. Alikuwepo binti anaitwa Siwema, mjukuu wa Mzee Mnali mwenyewe, mtoto asiyejua kunong'ona. Akapaza sauti, "Mwalimu, mbona jim imeangalia kule?"

Baada ya onyesho nikamfuata Mzee Mnali. Nikamwambia wasichana wanaona herufi kinyume, wahamishiwe mbele. Akasema, "Wasichana wasikilize tu, Mwalimu. Kusikiliza nako ni elimu." Wasikilize Kimalei. Basi nikafanya nilichoweza. Kila herufi iliyopita kwenye shuka, niliiandika mimi ubaoni kwa chaki, ielekee inakotakiwa, na wasichana wakaisoma kwangu. Matendo, yaani udhu na sala, nikayaacha kwenye picha, maana niliona wanaiga vizuri kabisa. Nilizunguka kati yao gizani nikagusa mikono yao. Kulia juu ya kushoto. Uso, kisha mkono wa kulia. Hakuna aliyekosea, nami nikashukuru.

Upande wa pili sikuuona, kulikuwa na shuka. Ila nilisikia. Jumamosi ya kwanza Ustadhi Rajabu alikuwepo. Ya pili alikuwepo nusu. Baada ya hapo aliwasha, akawaambia watoto "igeni huyo," akaenda barazani kunywa kahawa na kucheza bao. Akaulizwa, akasema mashine haichoki na yeye anachoka. Ninyi mama wa siku hizi mnaompa mtoto simu ili mpike ugali kwa amani, msimcheke sana Ustadhi Rajabu. Ni ndugu yenu.

Wale wavulana wakubwa walishajua sala zamani, hao hawakudhurika. Lakini kulikuwa na kundi la wadogo, wapya, wengine wametoka Chiola na Mkotokuyana kukaa na shangazi zao mjini, ambao hawakuwa na mwalimu mwingine wa sala isipokuwa kijana wa Malesia. Msikitini walisali safu ya mwisho kabisa, na safu ya mwisho hakuna anayeiangalia. Kamati ikachagua haohao ndio wakaonyeshe sala Ruangwa, kwa kuwa ni wadogo na wanapendeza. Mzee Mnali akawashonea kanzu.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori, tukiimba kaswida njia nzima, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kwangu ilikuwa kama kwenda mahakamani. Nilikuwa naimba kwa mdomo tu. Wasichana walijua habari ya chumba, sikuwaficha, na Siwema alikuwa ameniahidi kwamba korosho za babu yake zitalala nje. Nikamwambia asiseme hivyo kwa sauti. Akarudia kwa sauti.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wavulana wetu wakaitwa, wakapanga safu, kanzu zinang'aa, watu wakasema masha Allah. Sheikh mwenyeji, mzee mpole mwenye miwani, akawaambia waonyeshe udhu kwanza. Wakaanza. Wote kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa, wakaanza na mkono wa kushoto. Mguu wa kushoto. Wakasimama kusali, wakafunga mikono, kushoto juu ya kulia. Wakasali kwa utulivu wa kupendeza mno, na mwisho wakatoa salamu, kushoto kwanza, vichwa vyote vimegeuka kama mlango mmoja.

Kama wangekosea wawili watatu, watu wangecheka yakaisha. Lakini walikosea kwa nidhamu. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Jamani, Nachingwea wameingiwa na nini?" Mwingine akamjibu kwamba labda wamepata dhehebu jipya, huko kwa wakulima wa korosho pesa zimewazidi.

Mzee Mnali alikuwa amebadilika rangi. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Nikamsikia anamwambia sheikh mwenyeji, "Ni hawa wasichana, sheikh. Tuliwachanganya jengo moja, wakawaharibia wavulana. Tayari tumeshaamua kuwatoa."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, maana kama wavulana wamejifunza hivyo kwenye picha ileile, basi wasichana je? Mimi niliwagusa mikono gizani, lakini katika fazaa ile nilianza kujishuku mpaka mikono yangu mwenyewe, nikawa naiangalia, huu kulia, huu kushoto.

Sheikh akasema, "Basi tuwaone hao waliowaharibia wenzao."

Mzee Mnali akasema hawajajiandaa. Siwema alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Wenzake wakamfuata. Wakatia udhu, kulia. Wakafunga mikono, kulia juu ya kushoto. Wakasoma Alfatiha na sura fupi, wakatoa salamu, kulia halafu kushoto. Sheikh akavua miwani. Akauliza, "Hawa kawafundisha nani?"

"Tunasaidiana," akasema Mzee Mnali.

Mtasema hapo mambo yameisha, nimeshinda, chumba kimebaki. Hamjawahi kukaa kwenye kamati. Tuliporudi Nachingwea kikaitishwa kikao pale chuoni, chumba kikubwa, na Bwana Mbwana akaitwa na projekta yake kama mshitakiwa na panga lake. Mzee Mnali akafungua. Jambo la kwanza, akasema, video ni ya uongo, imewapotosha wavulana. Jambo la pili, wasichana wamefanya vizuri, tunawapongeza. "Kwa kuwa wamefaulu, wamemaliza. Aliyemaliza haendelei kukaa darasani. Chumba kiko wazi."

Nilisimama. Sijui niliwezaje na magoti haya. Nikasema, "Mzee, tulikubaliana wakivurunda chumba kinaondoka. Sasa hawakuvurunda na chumba kinaondoka. Wangefanya nini ili kibaki?"

Wazee wakaangalia chini. Wengi wao walikuwa wanamuuzia Mzee Mnali korosho, na msimu ulikuwa umekaribia.

Bwana Mbwana akasema kwa upole kwamba video haina kosa, kijana yule anaanza na mkono wa kulia. Mzee Mnali akapandwa na jazba. "Mimi nimekaa kiti cha mbele kila Jumamosi! Nimeona kwa macho yangu! Anaanza na mkono huu!" Akainua mkono wake wa kushoto juu, wote wakauona.

Siwema alikuwa amekuja kumletea babu yake miwani aliyoisahau. Akasimama mlangoni. "Si huo, babu. Anaanza na huu." Akainua wa kulia.

"Mtoto mwongo wewe. Mimi nilikuwa mbele."

"Na mimi nilikuwa nyuma. Nimeona. Huu."

Babu kainua wa kushoto, mjukuu kainua wa kulia, wanaangaliana, na wala hakuna hata mmoja anayesema uongo. Bwana Mbwana akacheka peke yake. Akaomba shuka litundikwe tena palepale, akawasha. Kijana wa Malesia akatokea, akanawa mkono. Akawaomba wazee waangalie kwa mbele, kisha wazunguke nyuma, chumba kidogo, waangalie tena.

Jamani, kama kungekuwa na simu za kamera siku ile! Wazee wazima wenye kanzu na bakora wanapita mlango huu, wanatokea ule, wanachungulia mbele, wanakimbilia nyuma. Mbele mkono uko upande wa kushoto kwao. Nyuma mkono uleule uko upande wa kulia. Mmoja alirudi mara nyingi akidhani atamkuta kijana hajabadilisha bado. Mama Benadeta alikuwa dirishani, akaniuliza, "Mwalimu, wanatafuta nini kwenye shuka langu?"

Kijana yule alikuwa ametuelekea, hilo ndilo jambo zima. Mtu akikuelekea akainua mkono wake wa kulia, unauona upande wako wa kushoto, na mtoto mdogo hapigi hesabu, anainua mkono ulio upande uleule, kama anavyofanya mbele ya kioo. Wavulana walimwiga hivyo. Sisi nyuma picha ilikuwa imegeuzwa, ikageuza na kosa, likawa sahihi. Nikakumbuka ukumbi wa Ruangwa, harufu ya vitumbua, na mgongo wa Bi Asumini. Nilitamani angekuwa hai nimwombe radhi kwa kumdhania ana hasira.

Ningeweza kuwaambia palepale. Ningesema, wazee, hamhitaji mbele wala nyuma, mwalimu asimame awape watoto mgongo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Ustadhi Rajabu akaniwahi.

"Basi dawa ni ndogo," akasema. "Wavulana wahamie nyuma ya shuka. Chumba kidogo."

Wazee wakaitikia kwa kishindo. Kila mmoja alikuwa na mtoto au mjukuu wa kiume mle ndani, na hakuna aliyekuwa tayari mwanawe akae upande mbaya. Mmoja akasema chumba kidogo ndicho chumba cha elimu, yeye alishahisi tangu zamani. Mwingine akataka mwanawe awekwe karibu kabisa na shuka.

"Na ghala?" akauliza Mzee Mnali.

Wazee walewale waliokuwa wanaangalia chini waliinua nyuso. "Mwenyekiti," akasema mmoja, "unataka watoto wetu wa kiume wakasomee wapi, upande wa kushoto?"

Mimi nikafunga mdomo wangu. Nikaushusha na uso kidogo, nikauliza kwa unyonge, "Na wasichana wangu? Ndio wakae huku mbele, kwenye upande unaokosesha?"

"Mvumilie tu, Mwalimu," akasema Mzee Mnali. "Hakuna namna."

Nikamwambia tutavumilia. Tukavumilia chumba kikubwa chenye madirisha, chenye mwanga wa kuandikia na upepo wa kukausha jasho. Ikifika sehemu ya sala nilisimama mimi kati ya shuka na wasichana, nikawapa mgongo, wakanifuata mimi badala ya kijana. Wavulana huko nyuma walifunga mikono sawasawa, alhamdulillahi. Ila herufi zao zilianza kugeuka moja moja, na wazazi walipoona madaftari wakaja juu, ikabidi Ustadhi Rajabu aache kahawa na bao, ashike chaki, asimame kwenye lile giza afundishe kama mtu anayelipwa. Korosho za Mzee Mnali zililala sebuleni kwake msimu mzima. Ukimtembelea, alikukaribisha juu ya gunia.

Siwema sasa ndiye mwalimu wa darasa la wasichana, chumba kilekile cha madirisha. Bado hajui kunong'ona.

Turudi kwa Yusra. Mmeshajua nilichokuwa nacheka. Katoto ka kwenye simu kalikuwa kamemwelekea, na mjukuu wangu kafunga mikono kushoto juu ya kulia, kwa nidhamu kubwa, kama mvulana wa Nachingwea. Nikaifunika simu kwenye meza. Nikashika ukuta, nikasimama, nikajipanga mbele yake, nikampa mgongo.

"Bibi," akaniambia, "sioni uso wako."

"Huuhitaji. Nifuate."

Nikainua mikono, nikafunga. Nikasikia kanga yake ikichakarisha nyuma yangu, inainama nikiinama. Tulipomaliza nikageuka, nikamkuta binti yangu ameichukua simu yake mezani, yuko kule nyuma kabisa kwenye kona, anatupiga video. Akaanza kulalamika kwamba haifai kurushwa, hakuna sura hata moja inayoonekana, migongo tu.

Nikamwambia airushe hivyohivyo.